Naomba nafasi ya kusoma uhifadhi wa data: historia yangu ya utafiti niiandikeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, na sasa nahudumia kompyuta na seva ya SACCOS moja mjini. Nataka kuomba nafasi ya uzamili, ikiwezekana uzamivu, katika mifumo ya uhifadhi wa data kwenye kompyuta. Fomu zinataka kurasa mbili za historia yangu ya kitaaluma na ya utafiti. Utafiti sina. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa mfumo wa mahudhurio ya wanafunzi kwa PHP na MySQL. Somo la mifumo endeshi nilipata C. Kazini, kubwa nililofanya ni kufufua kanzidata baada ya umeme kukatika. Risiti kadhaa zilipotea na hatukujua kwa nini. Rasimu nimeiambatanisha. Je, niombe hivi hivi au nisubiri kwanza? Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutuma, maana rasimu hii ingekuangusha bure. Kitu cha kufanyia utafiti unacho, ila umekikalia.

Tuanze na usafi. Sentensi yako ya kwanza inasema kwamba katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia data imekuwa kitu muhimu sana. Futa. Anayesoma maombi ya uhifadhi wa data hahitaji kushawishiwa kuwa data ni muhimu. Ndiyo kazi yake ya kila siku. Aya inayofuata inarudi hadi diski ya kwanza ya IBM ya mwaka 1956, ile ya sahani 50 iliyobeba kama herufi milioni 5. Ni kweli, na ni historia tamu, lakini ni historia ya IBM, na wewe umeulizwa yako. Futa pia. Halafu inakuja orodha ya masomo yote uliyosoma kwa miaka mitatu, pamoja na stadi za mawasiliano. Transkripti itayasema hayo bila kukusumbua.

Mpaka hapo ukurasa wa kwanza umekwisha na wewe hujatokea. Unatokea mwisho wa ukurasa wa pili, kwenye mstari mmoja: "Pia nina uzoefu wa kutatua matatizo ya kanzidata kazini." Mstari huo ndio uliobeba maombi yako yote.

Katika fani hii mtu hapimwi kwanza kwa masomo aliyosoma. Anayesoma maombi anatafuta jambo moja: huyu amewahi kupima kitu kwenye mashine halisi, na akaweza kueleza kwa nini namba ilitoka vile ilivyotoka? Uhifadhi wa data ni fani ya watu wasioamini wanachoambiwa na mashine. Kompyuta inasema "nimehifadhi"; mtafiti anauliza, umehifadhi wapi, na nikichomoa waya sasa hivi nitaikuta? Swali hilo SACCOS yenu mmeulizwa na umeme wenyewe, na hamkuwa na jibu.

Turudi basi kwenye zile risiti. Umeniandikia kwamba umeme ulikatika mchana, betri ya UPS ilikuwa imeshachoka, jenereta ikachelewa kuwashwa, na seva ilipoamka jedwali la malipo likagoma kufunguka mpaka ulipolifanyia matengenezo kwa amri ya REPAIR. Baada ya hapo malipo ya mwisho mwisho hayakuonekana, wakati wanachama walikuwa na risiti zilizochapwa mkononi. Hebu ona uzito wa hilo. Risiti ikishachapwa, mfumo umekula kiapo kwamba malipo yameingia. Halafu hayapo. Watafiti wana jina la sifa iliyovunjika hapo, ni udumifu wa muamala, na wametumia zaidi ya miaka 40 kuusaka.

Wapi ulivunjika? Sijaiona seva yenu, lakini njia ya data kutoka kwa mhasibu hadi kwenye diski ina vituo kadhaa, na kila kituo kina tabia yake ya kusema "tayari" mapema.

Kituo cha kwanza ni kanzidata yenyewe. Jedwali linalodai REPAIR baada ya umeme kukatika, kwa harufu yake, ni la MyISAM, injini ya zamani ya MySQL ya kuhifadhi majedwali. Injini hiyo haina logi ya kurudia miamala, kwa hiyo ikikatiziwa katikati ya kuandika, faharasa na data huachana njia. MySQL ilihamia InnoDB kama injini ya kawaida tangu toleo la 5.5 mwaka 2010, ila mifumo mingi ya zamani ilibaki ilipokuwa kwa sababu hakuna aliyegusa. Andika SHOW TABLE STATUS, tazama safu ya Engine, utajua ndani ya dakika moja.

Tuseme ni InnoDB. Bado kuna kipengele kiitwacho innodb_flush_log_at_trx_commit. Kikiwa 1, ambayo ndiyo hali yake ya kawaida, kila muamala ukikubaliwa logi inasukumwa hadi kwenye diski. Kikiwa 2, logi inakabidhiwa kwa mfumo endeshi kila muamala, lakini kusukumwa kwenye diski ni mara moja kwa sekunde hivi. Umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya kama sekunde nzima. Kikiwa 0, hata kule kukabidhi nako kunasubiri. Nenda kaangalie kimewekwa nini. Mafundi wengi hukishusha hadi 2 siku mfumo unapolalamikiwa kuwa mzito, wanasifiwa, na hakuna anayeandika popote kwamba kilibadilishwa.

Kituo kinachofuata ni mfumo endeshi. Kwenye Linux, programu ikiandika faili la kawaida, amri inarudi na kusema "sawa" data ikiwa bado kwenye RAM. Kwa mpangilio wa kawaida data hiyo inaweza kukaa hapo sekunde 30 hivi kabla haijahesabiwa kuwa imezeeka na kupelekwa kwenye diski. Ni sawa na mwenye duka anayekwambia "deni lako nimeshaliandika" kumbe daftari liko nyumbani. Ana nia njema, lakini akipatwa na jambo njiani hakuna maandishi. Asiyetaka kusubiri anaita fsync, ambayo inalazimisha data ya faili hilo ishuke hadi chini.

Ikifika chini bado haijafika. Diski nayo ina kache yake ndani, yaani kumbukumbu ndogo ya muda. Fsync ikifanya kazi ipasavyo, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huiamuru diski imwage kache hiyo. SSD, yaani diski za flashi zisizo na sahani, zikiwa za daraja la seva hubeba kapasita zinazoipa mashine pumzi ya kumalizia kuandika umeme ukikatika; SSD za bei nafuu zinazouzwa madukani kwa ajili ya kompyuta mpakato mara nyingi hazina. Mwaka 2013, kwenye FAST, mkutano wa watafiti wa uhifadhi wa data, Mai Zheng na wenzake walichapisha jaribio la kukata umeme kwa makusudi kwenye SSD 15 za kampuni 5, zaidi ya mara elfu tatu kwa jumla. Kati ya hizo 15, SSD 13 zilionyesha kasoro: biti zilizoharibika, maandishi yaliyokatika nusu, mpangilio uliovurugika, na nyingine zilikufa kabisa. Soma andiko hilo kabla ya kingine chochote. Limeandikwa Marekani, lakini utadhani wanaieleza ofisi yenu.

Kuna na hili la kurasa kukatika nusu. InnoDB huandika kwa kurasa za KB 16, wakati ext4, mfumo wa faili wa Linux, kwa kawaida hufanya kazi na vipande vya KB 4. Umeme ukikatika kipande cha pili kikiwa kimeingia na cha tatu bado, una ukurasa ambao si wa zamani wala si mpya, na logi peke yake haiwezi kuurekebisha. Ndiyo sababu InnoDB huandika ukurasa mara mbili, kwanza pembeni kisha mahali pake. Watu huzima ulinzi huo wakitafuta kasi. Kama kwenye seva yenu ulinzi huo umezimwa, una kisa kingine cha kuchunguza.

Sasa fanya hivi. Usiiguse seva ya ofisi. Tafuta kompyuta ya mezani iliyochoka, isiyo na betri, weka Linux, na uwe na diski mbili: moja ya kuzunguka, moja SSD ya kawaida. Kompyuta yako ya pili iwe shahidi. Andika programu fupi inayoingiza rekodi zenye namba zinazofuatana. Kila muamala unapokubaliwa, namba yake inatumwa kwa shahidi kupitia mtandao. Kisha chomoa waya ukutani. Usibonyeze kitufe cha kuzima, chomoa. Washa tena, linganisha: namba kubwa aliyonayo shahidi na namba kubwa iliyomo kwenye kanzidata. Kama shahidi ana namba ambazo kanzidata haina, umeshika uongo, na unajua ni wa ukubwa gani. Rudia mara nyingi, badilisha kitu kimoja kila awamu: injini, kipengele kile cha 0, 1 na 2, kache ya diski ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, kuandika mara mbili kukiwapo na kusipokuwapo. Kwa kila mpangilio andika pia idadi ya miamala kwa sekunde, maana kila usalama una gharama yake, na gharama hiyo ndiyo inayowafanya watu wauzime.

Kuna hesabu moja nawapa wanafunzi wangu wote. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani kila mzunguko unachukua milisekunde 8.3 hivi. Mtu mmoja anayeingiza muamala mmoja mmoja na kusubiri kila mmoja ufike kwenye sahani hawezi kupita sana miamala 120 kwa sekunde. Kwa kawaida atapata pungufu, kwa sababu mfumo wa faili nao una jarida lake la kuandika. Ukiona diski ya namna hiyo inakupa maelfu, usifurahi. Kuna kituo mahali fulani kinachosema "tayari" kabla ya wakati, na kazi yako ni kukitaja kwa jina.

Ukishafanya hayo, aya yako ya kwanza itakuwa ya aina hii, nafasi zilizo wazi ukazijaza kwa namba zako mwenyewe:

"Katika chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia Dodoma, umeme ulikatika na malipo yaliyokwisha kutolewa risiti yakapotea. Nilitaka kujua ni tabaka gani la mfumo lilikubali muamala kabla haujadumu. Nilijenga jaribio la kukata umeme lenye kompyuta shahidi, nikapima mipangilio ___ kwenye diski ya kuzunguka na SSD. Chanzo kilikuwa ___. Kurejesha udumifu kulipunguza kasi kutoka miamala ___ hadi ___ kwa sekunde kwenye diski ya kuzunguka. Jambo ambalo bado sijaweza kulieleza ni ___."

Nafasi ile ya mwisho usiiache tupu. Ndiyo atakayokaa nayo msomaji wako, kwa sababu utafiti wako ujao unaanzia hapo. Labda utakuta SSD inapoteza data hata baada ya fsync, lakini mara chache, na hujui ni lini. Labda kasi inaanguka ghafla baada ya muda wa kuandika mfululizo. Hilo la pili lina maelezo yanayojulikana: flashi haiwezi kuandikwa juu ya data ya zamani, inafutwa bloku nzima kwanza, kwa hiyo ndani ya SSD kuna programu ndogo inayohamisha kurasa hai kila wakati ili kupata bloku tupu za kufuta. SSD ikijaa, uhamishaji huo unaanza kugombania nafasi na kazi yako. Lakini kulikuta mwenyewe kwenye grafu yako kabla ya kulisoma ni jambo jingine kabisa.

Wengine watakuambia hiyo si kazi mpya, imeshafanywa. Ni kweli. Hakuna anayetegemea mwombaji wa uzamili awe na ugunduzi. Kurudia jaribio la wenzako kwa vifaa vyako, kwa uangalifu, na kusema wapi mmetofautiana, ni utafiti halali. Na kwenye uhifadhi wa data vipimo vinavyorudiwa vizuri ni adimu kuliko unavyodhani. Hata diski mbili za aina moja huweza kutoa namba tofauti. Kwa hiyo ukiweka wastani, weka na mtawanyiko wake. Namba moja pekee, bila kusema ulipima mara ngapi, itakushushia heshima kuliko ile C.

Na hiyo C tuizungumze. Usiifiche, na usiitolee machozi. Uhifadhi umekaa ndani ya mifumo endeshi, kwa hiyo wataitazama. Unachotakiwa ni kuwapa kitu kipya zaidi cha kutazama. Kozi ya mifumo endeshi ya MIT inayotumia keneli ndogo ya xv6 iko wazi mtandaoni, pamoja na kazi zake za maabara. Kuna moja ya mfumo wa faili: faili kubwa kabisa la xv6 lina bloku 268, nawe unatakiwa kuongeza ngazi ya pili ya vielekezi ili lifike bloku 65,803. Ukiimaliza hiyo kwa mikono yako, kwa lugha ya C, umejibu hofu yao yote. Sentensi moja inatosha: somo lilinishinda kiasi fulani mwaka ule, tangu hapo nimejenga hiki, msimbo uko hapa. Kama bado una nguvu, Carnegie Mellon nao wameweka wazi kozi yao ya kanzidata, na mradi wake wa kujenga hodhi ya kurasa, sehemu ya RAM ambamo kanzidata hushikilia kurasa za diski, utakufaa sana kwa sababu unagusa mlemle ulimoumia.

Mfumo wako wa mahudhurio? Mistari mitatu, si aya mbili. Msomaji hajali kuwa una ukurasa wa kuingilia wenye rangi nzuri. Anajali kwamba asubuhi kipindi cha kwanza watu wengi wanaandika kwa pamoja kwenye jedwali moja, na unajua, au hujui, nini kilitokea kwa kasi wakati huo. Kama hukupima, lipitie haraka uende mbele.

Kuna dai moja kwenye rasimu ambalo litakuletea shida: "Diski hufa haraka Dodoma kwa sababu ya joto na vumbi." Umelipima? Mwaka 2007, kwenye mkutano huohuo wa FAST, watafiti wa Google waliripoti juu ya diski zaidi ya laki moja na wakakuta uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni mdogo kuliko watu walivyoamini, isipokuwa kwa diski zilizokwisha zeeka na kwenye joto la juu sana. Mwaka uleule Bianca Schroeder na Garth Gibson nao walitazama diski kama laki moja, wakalinganisha na ahadi za watengenezaji. Karatasi za kiwandani ziliashiria kwamba zisizozidi asilimia 0.88 zingekufa kwa mwaka. Huko mtaani waliona asilimia 2 hadi 4 zikibadilishwa mara kwa mara, na mahali pengine hadi 13. Sisemi vumbi la huku halina neno. Nami nimefungua mashine nyingi mjini hapa nikakuta feni zimevaa blanketi. Ila feni kuziba na diski kufa ni mambo mawili, na kuyaunganisha kunataka rekodi. Ama uanze leo kuweka daftari la kila diski unayobadilisha, tarehe iliyofungwa, tarehe iliyokufa, joto lake kutoka taarifa za SMART ambazo diski hujirekodia yenyewe, ama uondoe dai hilo. Usiandike jambo ambalo profesa wa Toronto atakuuliza namba zake, na profesa wa Toronto ndiye huyohuyo Schroeder.

Kusoma nako kuna namna yake ya kuonekana kwenye maombi. Makala zote za mikutano ya USENIX, chama cha watafiti wa mifumo ya kompyuta, ikiwemo FAST iliyoanza mwaka 2002, zinapakuliwa bure, hata kwa simu ukiwa kwenye daladala ya kwenda Chimwaga. Huna haja ya kuzitaja kumi. Chagua mbili au tatu zilizogusa swali lako, na uonyeshe umebishana nazo. Kwa njia yako mwenyewe ningeanza na andiko la Patterson, Gibson na Katz la mwaka 1988 lililoleta RAID, mbinu ya kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee, kwa sababu utaelewa kwamba RAID haikukingi na kosa lililowapata: data ambayo haikufika kwenye diski yoyote haina nakala ya kuifufua. Halafu la Rosenblum na Ousterhout la mwaka 1991 juu ya mfumo wa faili ulio logi tupu, unaoandika kila kitu kwa kufuatana bila kurudi juu ya cha zamani, maana wazo hilo ukilishika utalikuta tena ndani ya SSD na ndani ya kanzidata za kisasa kama RocksDB. Na kama unavutiwa na hifadhi zilizotawanyika kwenye seva nyingi, soma la Google la mwaka 2003, lenye vipande vya MB 64 na nakala tatu za kila kipande, kisha la Sage Weil na wenzake la 2006 lililozaa Ceph. Ceph ilikuwa kazi ya uzamivu ya mwanafunzi wa Santa Cruz, California. Leo inaendesha hifadhi za mashirika duniani kote. Nalitaja hilo kwa sababu rasimu yako inaongea kana kwamba mifumo hii inashuka kutoka mbinguni.

Ukienda zaidi ya jaribio la kukata umeme, unaweza kurekodi namna seva ya ofisi inavyosoma na kuandika: saa, mahali kwenye diski, ukubwa, kusoma au kuandika. Kumbukumbu za namna hiyo kutoka ofisi ndogo za Kiafrika sizioni kwenye hazina zinazotumika sana. Nyingi ninazokutana nazo ni za makampuni makubwa ya Magharibi, kama zile maarufu za Microsoft za Cambridge, zilizorekodiwa kwa wiki moja kwenye seva 13. Chama chenye mhasibu mmoja na foleni ya tarehe za mishahara kinaweza kuwa na umbo tofauti kabisa. Ila kuwa makini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na akiba za watu ni taarifa zao. Rekodi anwani za bloku na ukubwa, usirekodi yaliyomo. Pata ruhusa ya meneja kwa maandishi, na uitaje kwenye maombi. Msomaji atajua anaongea na mtu mzima. Wala usiitaje SACCOS kwa jina, maana umeeleza udhaifu wake.

Kuhusu wapi pa kuomba, sitakupangia maisha, lakini usitume maombi kwa chuo; tuma kwa swali. Wisconsin-Madison wamejenga jina kwa kuchunguza mifumo ya faili inavyovunjika, ni jirani kabisa na kisa chako. Stony Brook, kwa Erez Zadok, wanajulikana kwa ukali wa vipimo. Carnegie Mellon wana maabara ya data sambamba iliyoanzishwa na Gibson yuleyule wa RAID. Marekani unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja na shahada ya kwanza. Ulaya mara nyingi watakudai uzamili kwanza. Na uzamili hapa hapa si kushindwa: Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu ya Chuo Kikuu cha Dodoma unaijua milango yake, na Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha inapokea wa uzamili na uzamivu. Faida ya kubaki ni kwamba mashine zako za majaribio, na umeme unaokatika, viko mkononi.

Sasa lile swali la kuomba au kusubiri. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu mwezi Desemba kwa wanaoanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Kama una miezi minne mbele yako, usisubiri mwaka mwingine. Jaribio nililokueleza linatosha muda huo, jioni na Jumamosi. Kama zimebaki wiki mbili, omba uzamili tu mwaka huu, ueleze jaribio ulilolianza na lilipofikia, bila kupamba. Usiandike namba ambazo bado hujazipata ukitumaini utazipata kabla ya usaili, maana usaili wa fani hii ni watu wanaokuuliza "na hii ulipimaje?" mpaka ufike chini.

Barua za wadhamini zianze mapema. Mwalimu aliyekupa C ya mifumo endeshi ndiye ningemwendea wa kwanza, umpelekee kazi ya xv6 na grafu zako. Barua yake itakuwa na uzito kuliko ya mtu aliyekupa A na hakumbuki sura yako. Mpe nakala ya rasimu mpya, si hii, na umpe wiki tatu kamili. Meneja wa SACCOS aandike ya pili, na asiandike kwamba wewe ni kijana mwaminifu na mchapakazi peke yake. Mwombe aeleze siku ile malipo yalipopotea, ulifanya nini, na kama tangu wakati huo yamepotea tena.